Ruhusa ya Kukulilia, Mwalimu Yokana

Old Kampala, Jumapili mchana

Mwalimu wangu Yokana,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyozoea kugombania. Kiingereza kilikuwa cha ofisini, Kiluganda cha nyumbani kwako, na Kiswahili kilikuwa chetu sisi wawili, mimi nikikufundisha na wewe ukikiharibu. Bado nakusikia ukiniita mlangoni, "Kalibu, mutoto ya polisi, leo tuseme Kiswahiri ya ndani, si ya kutoa amuri." Nilikuwa nakucheka mpaka machozi yanitoke. Wenzako nao walikucheka, ila kicheko chao kilikuwa kingine: msomi mzima anajifunza lugha ya askari na wezi! Basi sikia. Redio imetangaza Kiswahili ni lugha ya taifa, na wasomi hao hao sasa wananivizia kwenye ngazi ili niwafundishe salamu. Mkuu wa idara juzi alinipokea kwa "Habali ya asubuhi" saa kumi za jioni. Ningetoa chochote uwepo uyaone.

Nimekaa katika chumba cha nyuma ya duka moja hapa Old Kampala. Duka liliachwa na Wahindi walipofukuzwa, akapewa sajenti mmoja wa jeshi ambaye hakujua auze nini. Aliuza vitambaa alivyovikuta, vikaisha, akauza na rafu, sasa anapangisha vyumba. Kati yangu na yeye pana ukuta wa mbao tu. Akikohoa namsikia, nikigeuka kitandani ananisikia. Leo ameenda kutazama mpira, ndiyo maana nimethubutu kutoa karatasi.

Nianze na neno lililonikaa kooni. Umekufa. Haya, nimeliandika. Kwa miezi yote hii halikuruhusiwa kutamkwa. Kwa taarifa ya chuo wewe hukufa, ulikimbia. Eti uko Nairobi, unakaa hotelini, unakula nyama na kuitukana serikali. Jina lako bado liko mlangoni. Barua zako bado zinaletwa, nazipanga juu ya meza yako, na tarishi huniuliza kwa sauti ya kusikika korido nzima, "Bado hajarudi?" Nami namjibu bado. Nimesema bado mpaka neno lenyewe limeniisha ladha.

Unakumbuka Port Bell? Mimi huikumbuka kila ninapoanza darasa lako, maana sasa darasa lako nalifundisha mimi, niliyekuwa msaidizi wako.

Ulikuwa na wazo moja tu, ukalizunguka miaka yote kama mbuzi anavyozunguka kigingi. Ulisema wanaosoma uongozi wanamtazama kiongozi, namna anavyohutubia, namna anavyopunga mkono, na hapo ndipo wanapopotea. Mtazame aliyembishia, ulisema. Halafu urudi kwenye mkutano wa pili, uone kama yule mbishi yupo na kama anafungua mdomo tena. Ndipo utajua watu wale wana kiongozi wa namna gani. Kwa hiyo wenzetu wakati ule wakiwafukuzia mawaziri, sisi tulikuwa watafiti wa mikutano ya pili. Tulikwenda kwa wauza ndizi, kwa kwaya za kanisani, kwa vyama vya maziko, kwa wake wa polisi wanaogombea bomba la maji pale Naguru nilikozaliwa. Mama yangu alitukaribisha, kisha akaniuliza pembeni kama kweli chuo kinawalipa watu wazima kwa kazi ya kusikiliza wanawake wakitukanana.

Pale Port Bell tulikwenda kwa wapagazi wanaopakua mabehewa yanayovushwa na meli. Walikuwa wamekaa chini, nyapara wao amesimama juu ya sanduku, anaeleza kwa nini zamu zimebadilishwa. Mkongo mmoja akainuka, kijana wa mabega mapana, akamwambia mbele ya wote, "Mukubwa, weye unakulaka vizuri, siye tunabebaka tu! Ile maneno unasema ni bongo, uwongo tu." Nyapara akavimba, akamtukania ukoo mzima. Mimi niliandika haraka, nikadhani tumemaliza. Wewe ukanikanyaga mguu, ukasema, "Bado. Tungoje wiki ijayo."

Tuliporudi ilikuwa mvua, na yule Mkongo alikuwa amekalia sanduku lenyewe la nyapara, anatafuna muhogo, anabisha tena. Nyapara amesimama kwenye matope, anamjibu. Furaha uliyokuwa nayo siku ile! Ulipiga makofi ndani ya gari, ukasema hapa tumepata kitu. Tukapita mbele ya ukuta wa gereza la Luzira, bado unacheka, kisha ukautazama ukuta. Baadaye ukasema, "Wapagazi wana serikari nzuri kuriko..." Hukumalizia. Mimi nilitazama nje.

Sasa nifike kwenye lile ambalo siwezi kukusamehe, ingawa nakupenda. Siku ya mkutano wa kitivo. Meja, yule ofisa aliyeletwa kusimamia chuo, alikuwa amekaa mbele na fimbo yake mezani. Akatuambia, "Kutoka leo somo ya uongozi itafundisha kiongozi moja tu. Ile ya Uganda." Ukumbi ukapiga makofi. Mzee Erifazi wa historia ndiye aliyesimama wa kwanza kupiga, kama desturi yake tangu wanajeshi washike nchi. Yule mzee husimama hata redio ikikwaruza. Nami nilipiga. Wewe ukanyoosha mkono. Nilimwomba Mungu iwe unataka kwenda nje kujisaidia.

"Mheshimiwa Meja," ukasema, kwa upole wako ule wa darasani, "somo retu ni ra kuringanisha. Mmoja hawezi kuringanishwa. Razima awepo wa piri."

Naapa hukuwa na lingine kichwani. Nakujua. Ulikuwa unaona jedwali, safu huku na safu kule, na ukaona safu moja haiwezi kuitwa jedwali. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angekuelewa. Lakini Meja aliinamia mbele, akaiacha fimbo, akauliza taratibu, "Ya pili? Ya pili ni nani? Taja jina." Hapo ndipo ulipoinua macho ukaona nyuso zetu. Nilikuona unaelewa. Ukajaribu kuokoa, ukasema, "Yeyote tu, Mheshimiwa. Hata ariyekufa."

Nilikukasirikia, Mwalimu, na bado nakukasirikia. Umeisoma hofu ya watu miaka yote hiyo, umeiandikia makala, halafu ilipokuja kukaa kwenye meza yako hukuitambua. Kwa nini hukuketi tu? Kwa nini hukupiga makofi kama sisi? Nalo—hata kalamu inanikwama. Nalongo, mkeo na mama wa pacha wako, angekuwa anakupikia mpaka leo.

Walikuja mchana, ukiwa unafundisha. Ulidhani labda watakuja usiku kama kwa wengine. Ulikuwa umeanza kulala na viatu, Nalongo aliniambia. Hawakukuita nje. Waliingia wakakaa safu ya nyuma, wakangoja. Mmoja alimwomba mwanafunzi asogee kidogo, akasema asante. Wewe ukaendelea kueleza habari za wanawake wa bomba la maji, sauti haikutetemeka hata mara moja, ila chaki ilivunjika mara nyingi. Ukamaliza. Ukawaambia wanafunzi, "Tutaenderea wiki ijayo." Ukajifuta vumbi la chaki mikononi, ukatoka nao kama watu wanaokwenda kunywa chai. Mimi nilikuwa safu ya pili, na sikuinuka.

Baba yangu ndiye aliyeniambia, kama kule kunaweza kuitwa kuambia. Unamjua baba, sajenti wa polisi, mtu wa maneno machache. Alitoka zamu, akakaa kwenye ngazi ya nyumba bila kufungua mkanda, akaomba maji, asiyanywe. Akasema, "Mutoto yangu. Hapana tafuta yeye tena." Sikumwuliza ameona nini au amesikia wapi. Angenijibu, kisha angelazimika kuishi na jibu hilo kazini. Mama alikuwa ndani anasali rozari, baba akamwita amletee mkeka wake wa swala asali na yeye. Hiyo ndiyo siku niliyojua.

Nikajua, na sikuwa na mahali pa kupeleka nilichojua. Mwalimu, hujui jinsi nilivyobanwa. Kwa wenzako mimi ni mtu wa kaskazini, mtoto wa polisi, Kiswahili mdomoni, jirani wa kijiji na Meja. Nikiingia chumba cha walimu, mazungumzo yanakufa. Wanashika vikombe vyao vya chai isiyo na sukari, siku hizi sukari ni ya magendo, na chai inapoa mikononi mpaka nitoke. Wanadhani ni mimi niliyekuuza. Nisimame juu ya meza niwaapie? Na upande wa pili Meja akinikuta koridoni ananiita "dada yetu", ananiuliza hali ya mzee, anacheka kwa sauti ili wote waone tunavyojuana. Nikitoka pale najisikia nimepakwa kitu kisichotoka.

Darasani napo safu ya nyuma kuna bwana mmoja mwenye viatu vizuri ambaye haandiki. Nafundisha wapagazi, kwaya na bomba la maji. Wanafunzi wanainama kwenye madaftari, hakuna anayecheka mahali ulipokuwa unawachekesha, na nikimaliza nauliza kama kuna swali. Hakuna. Hakuna kamwe. Mimi ninayefundisha habari za watu wanaobisha, nafurahi wakiniacha bila kunibishia.

Kisha Mkuu wa idara akaniita. Alifunga dirisha kwanza, pamoja na joto lile. Akasema Meja anataka jambo lako liishe vizuri. Katika mkutano ujao wa kitivo nisimame niseme kwamba nilikuona na mkoba ukipanda basi la Nairobi. Kila mtu anajua nilikuwa kivuli chako, neno langu litatosha. Nikishasema, kiti chako kitatangazwa kuwa wazi, na pasipoti yangu, ile iliyokwama ofisini tangu nipate nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo, itatoka siku hiyo hiyo. Alikuwa ananisemesha huku anatazama mikono yake. Sikumchukia. Ana watoto, naye ana Meja wake kama mimi nilivyo na wangu.

Baba aliposikia hakufikiri hata kidogo. "Sema maneno yao, kamata karatasi yako, enda. Mimi nimekuwa muzee. Wewe hapana zeeka hapa." Mama alianza kunitafutia sweta.

Nikaenda kwa Nalongo.

Sikuwa nimekwenda tangu siku ile, na mara mbili nilizojaribu hakunifungulia. Hata yeye alikuwa amesikia ni mimi niliyekuuza. Safari hii alifungua. Nilimkuta amevaa gomesi ya maua, nyekundu na manjano, mkanda umefungwa vizuri, nywele zimechanwa. Nilishtuka, nikadhani amepata habari njema. Akaniambia anavaa hivyo kila siku kwa sababu akivaa vinginevyo watasema anaomboleza, na akiomboleza ina maana umekufa, na ukiwa umekufa kuna mtu aliyekuua. Majirani wa pale kwenye nyumba za chuo wanamwuliza habari zako, "Salongo hajambo huko?" naye anajibu hajambo. Babirye na Nakato wamefundishwa kujibu hivyo pia. Pacha wako hao, Mwalimu, wanajibu pamoja, sauti moja, "Hajambo."

Nalongo alijua nilichoitwa kukifanya. Kampala hakuna siri ya namna hiyo. Hakunilaumu. Alinishika mkono akasema, "Mwana wange, usiseme yeye amekimbia. Ukisema amekimbia, mimi nitalia namna gani? Ndugu zake hawawezi kuzika mutu mwenye amekimbia. Mimi si bibi, si mujane. Niko nini?"

Sikumwahidi kitu. Nilitoka nikatembea mpaka Wandegeya nikijua kabisa kwamba nitasema nilichoagizwa. Sitakudanganya wewe. Nilimhurumia Nalongo, lakini nilitaka kuondoka. Nilitaka kulala mahali ambapo gari likisimama nje siamki. Niliwaza kwamba wewe umeshakufa na huwezi kufa zaidi, na Nalongo atalia kimoyomoyo kama wanawake wengi wa mji huu, na mimi bado niko hai. Nilikuwa nimekwisha kujisamehe kabla ya kufika kwenye taa za barabarani.

Siku ya mkutano ukumbi ulikuwa umejaa. Nawe ulinifundisha kutazama, basi nilitazama. Kiti chako hakuna aliyekikalia, ila wawili wa pembeni walikuwa wamekisogelea kwa mabega ili kisionekane kitupu. Mzee Erifazi alikuwa amekaa mbele kabisa, tayari kusimama. Meja aliagiza mkutano uende kwa Kiswahili, lugha ya taifa, na wasomi wakatazamana kama watoto wasiofanya kazi ya nyumbani. Mkuu akasema dada Zaituni ana taarifa.

Nikasimama. Maneno nilikuwa nimeyakariri chumbani kama sala: Nilimwona Mwalimu Yokana akipanda basi la Nairobi. Ni sentensi fupi tu. Nikafungua mdomo, nikasema, "Nilimwona marehemu Mwalimu Yokana..."

Nikaishia hapo hapo.

Sijui, Mwalimu. Nimejiuliza kila siku tangu hapo kama nilikusudia. Ninachojua ni kwamba sisi tuliokulia katika nyumba za polisi, Waislamu na Wakristo ukuta kwa ukuta, tulifundishwa kwamba mtu aliyekufa hatajwi jina lake tupu. Mama yangu angekunasa kibao mezani, hata kama marehemu mwenyewe alikuwa mlevi. Basi ulimi wangu ulijua umekufa, ukafanya ulichozoea. Kichwa kilikuwa kwenye basi la Nairobi, ulimi ulikuwa nyumbani.

Nikaona mkono wa Mkuu wa idara ukikamata ukingo wa meza. Nikasema moyoni, Zaituni, umekwisha.

Ndipo Mzee Erifazi akasema, "Kitalo!"

Mzee Erifazi! Yule yule wa makofi. Wewe unajua zaidi yangu jinsi neno hilo linavyofanya kazi kwa watu wako. Mtu akitajiwa msiba, kitalo inatoka, iwe sokoni, iwe barabarani, iwe kwa adui. Haipiti kwanza kichwani kuomba ruhusa. Ilimtoka mzee kama kikohozi. Nilimwona akijiziba mdomo kwa kiganja, macho yamemtoka, lakini ilikuwa imekwisha kutoka, na nyuma yake mtu akaitika, "Kitalo nnyo," naye sidhani kama alikusudia. Kisha mwanamke wa maktaba. Kisha safu nzima ya kushoto. Ikapita ukumbini kwa sauti za chini, kitalo, kitalo nnyo, na wale walioogopa kuisema waliogopa pia kuwa peke yao kimya mbele ya msiba, wakaisema. Viti vikakwaruza. Watu wakasimama, vichwa chini, kama wanavyosimama mlangoni mwa nyumba ya maziko.

Nami nilimtazama Meja. Si Mganda, hakulijua neno lile, akamwinamia Mkuu, "Wanasema nini?" Mkuu akainamisha kichwa kama wengine. Lakini neno langu, marehemu, Meja alilijua vizuri, na watu wote walikuwa wamesimama, na yeye naye ni mtoto wa mtu, amekulia msikitini kama baba yangu. Akasimama. Akavua kofia. Akaishika kifuani, midomo ikaanza kucheza, nami naijua sala hiyo, ndiyo inayosomwa mtu akifariki.

Alikuwa amefika katikati alipogundua anamwombea nani.

Akairudisha kofia kichwani pole pole. Akanitazama. Akasema, "Mkutano imefungwa," akachukua fimbo yake akatoka, na walinzi wake wakabaki mlangoni hawajui kama wamfuate au watukamate. Mwishowe walimfuata. Sisi tukabaki tumesimama. Hakuna aliyenisogelea, hakuna aliyenigusa, ila mwanamke wa maktaba alipopita karibu yangu alisema tena, kwa mimi peke yangu, kitalo. Alinipa pole yako. Tangu ufe hakuna aliyekuwa amenipa.

Sasa nikueleze yaliyofuata, maana usidhani nimekuwa shujaa. Hakuna aliyekuja kunichukua, angalau mpaka leo. Nadhani Meja hajui aandike nini kuhusu siku ile bila kuandika kuhusu kofia yake. Lakini pasipoti haitatoka. Nimeambiwa nisivuke mpaka wa Kampala, na kila Jumatatu nakwenda kuonyesha uso katika ofisi moja ambapo karani hanisemeshi, ananitazama tu kisha anatikisa kichwa niondoke. Baba amehamishwa mbali sana kule Karamoja, amenyang'anywa na nyumba. Nilimwomba msamaha akifunga godoro. Akasema, "Hapana neno," akafunga kamba nyingine, akasema tena, "Hapana neno." Mama amekwenda naye na lile sweta. Ndiyo sababu niko hapa nyuma ya ukuta wa mbao wa sajenti. Wenzako, wengine wananiamkia sasa, wengine wanaivuka barabara wakiniona. Mzee Erifazi aliugua wiki nzima kwa hofu. Amerudi, anapiga makofi kama zamani, na tukipishana ananyanyua kofia kwa haraka bila kunitazama.

Lakini Nalongo amevua gomesi ya maua. Jioni ile ile habari zilimfikia, na kabla hajauliza ni kweli au si kweli, wanawake walikuwa wamekwisha kuja na mikeka na kuni na ndizi. Ukumbi mzima ulikuwa umesema kitalo, na Meja alikuwepo, nani angewazuia? Nilimkuta amefungwa nguo kiunoni, sauti imemkauka kwa kulia, uso umevimba. Alinikumbatia, akaniambia watu wamemwita mujane siku nzima. Aliniambia hivyo kwa furaha, Mwalimu. Mungu atusamehe sote, tumefika mahali mwanamke anafurahi kuitwa mjane.

Ndugu zako wameamua kuzika. Mwili hawana, hawatauomba kwa mtu, kwa hiyo Alhamisi watazika shina la mgomba lililofungwa kwa nguo ya gome, pale shambani kwenu, kando ya baba yako. Mwaka utakapozunguka watamaliza msiba na kumkalisha mrithi wako. Nalongo anaondoka kesho na pacha, na ameniambia kama nina neno la kukuambia niliandike, yeye atalipenyeza ndani ya nguo ya gome kabla hawajafunga. Kwenye vizuizi vya njiani atalificha atakavyojua. Ndiyo barua hii. Mimi siwezi kuja. Vizuizi vinanijua jina.

Mwalimu, wengine wote sasa wanakulilia. Nalongo analia, dada zako wamekuja kutoka Masaka wanalia, Babirye na Nakato wameruhusiwa kusema baba amekufa na wanalisema kwa kila mgeni. Mimi bado. Hapa nikilia sajenti atasikia, ataniuliza ni nini, nami itabidi nimjibu. Darasani kuna yule wa viatu. Njiani kuna kila mtu. Nimetafuta mahali katika mji huu wote pa kulia kwa sauti, na sijapapata.

Kwa hiyo pokea ahadi hii, ndiyo pekee niliyo nayo. Nitaendelea kufundisha, kwa kuwa wamenifungia humu na darasa lako, basi darasa lako watalipata. Na siku njia zitakapofunguliwa, hata kama nitakuwa bibi kizee asiye na meno, nitauliza njia ya shamba lenu, nitafika, nitavua viatu, na nitakulilia kwa sauti yangu yote, kwa Kiswahili, watu wa kijiji chako watoke nje kushangaa.

Nasikia mpira umekwisha, watu wanarudi.

Zaituni